Yule bwana wa kisiwani: alikuwa mgonjwa ama alidanganywa?



Tangu majuma mawili sasa ninapokea ujumbe mingi juu ya filamu moja. Inaitwa Shutter Island. Ilionyeshwa katika chumba cha video karibu na kambi ya wahami, kiingilio franka 500, na kijana wetu mtafsiri alikuwa na mikrofoni yake kama kawaida. Watu walitoka wamegawanyika. Upande mmoja wanasema yule bwana ni mgonjwa wa akili tangu mwanzo. Upande wa pili wanasema: "Hapana, ule mutu hana wazimu, baganga banamudanganya ili abakie kule." Ubishi umefika hadi kwenye bomba la maji. Wengine wameniomba niseme nani ana haki.

Nimeiangalia tena mara mbili, kwa Kifaransa, nikisimamisha na kurudisha nyuma. Nitajibu, lakini nitaenda polepole, kwa sababu nadhani swali hili halihusu sinema peke yake. Kwa wale ambao hawajaiona na wanataka kushangaa wenyewe, muache kusoma hapa, kwani nitasimulia mpaka mwisho.

Filamu ilitoka mwaka 2010. Aliyeiongoza ni Martin Scorsese, na ilitokana na kitabu cha Dennis Lehane cha mwaka 2003. Mchezaji mkubwa ni Leonardo DiCaprio, yule ambaye wengi wenu mnamwita Jack, juu ya Titanic. Hadithi ni ya mwaka 1954. Polisi wa serikali kuu ya Marekani, Teddy Daniels, anafika na mwenzake Chuck kwenye kisiwa karibu na mji wa Boston. Hapo kuna hospitali ya wagonjwa wa akili waliofanya makosa makubwa. Mwanamke mmoja, Rachel, aliyefungwa kwa kuzamisha watoto wake watatu, ametoroka katika chumba kilichofungwa na ufunguo. Teddy amekuja kumtafuta. Kwa siri anatafuta pia mtu mwingine, Laeddis, ambaye anasema alichoma nyumba na kumwua mke wake.

Kadiri anavyotafuta, ndivyo anavyoona mambo mabaya. Askari wanamwangalia vibaya. Madaktari wanaficha karatasi. Anaanza kuamini kwamba kwenye mnara wa taa, ule unaoongoza meli usiku, watu wanapasuliwa ubongo. Na sisi tuliokaa kwenye benchi tunaamini pamoja naye. Mwishoni anapanda mnara, silaha mkononi, na anakuta chumba kitupu. Juu kabisa daktari mkuu amekaa kwenye meza, anamngojea. Daktari anamwambia: Laeddis ni wewe. Uko mgonjwa hapa tangu miaka miwili. Mke wako ndiye aliyezamisha watoto wenu watatu ziwani, nawe ulimpiga risasi. Chuck si polisi, ni daktari wako. Siku hizi zote tulikuacha ucheze hadithi yako mpaka mwisho, ili uone mwenyewe kwamba haisimami.

Hapo ndipo ubishi ulianzia. Wanaosema amedanganywa wana sababu: kama kikundi kizima cha watu kinaweza kucheza michezo kwa siku kadhaa, kwa nini tuamini neno lao la mwisho?

Mimi nasema yule bwana alikuwa mgonjwa, na filamu yenyewe ilituambia mapema. Tulikuwa hatuangalii mikono.

Rudieni mwanzo. Wanapofika kwenye lango wanaombwa kutoa silaha. Teddy anatoa yake mara moja, kama mtu aliyeizoea. Chuck anahangaika kuitoa kiunoni, mpaka anampa askari pamoja na mfuko wake. Polisi gani hajui kutoa bastola? Angalieni askari nao: wameshika bunduki wakiwa na wasiwasi, kama watu wanaomrudisha mfungwa mkali, si kama watu wanaopokea mgeni wa serikali.

Kisha kuna mama mgonjwa anayeulizwa maswali. Anaomba maji. Chuck anapokwenda kuleta, yule mama anaandika haraka kwenye kijitabu cha Teddy neno moja la kumwambia akimbie. Maji yanakuja, anainua mkono kunywa. Simamisheni picha hapo: mkononi hakuna glasi. Mara moja tu, halafu anaweka mezani glasi tupu. Wengi waliona wakafikiri ni kosa la watengenezaji. Lakini kila mara maji yanapotokea katika filamu hii, macho ya Teddy yanakataa kitu. Kwenye meli ya kwanza maji yanamtapisha. Mvua inamfuata kila mahali. Na moto ni kinyume chake. Anapowasha kiberiti ndani ya jengo la wagonjwa hatari, anapokaa kwenye moto wa pangoni na mwanamke anayemwambia kwamba madaktari wote ni wabaya, gari linapolipuka, kila mara tuko ndani ya hadithi yake ya uongo. Katika hadithi hiyo mke wake alikufa kwa moto. Katika ukweli watoto wake walikufa kwa maji. Kichwa chake kimebadilisha kimoja kwa kingine, kwa sababu moto ana mtu wa kumlaumu, na maji hana.

Kuna alama nyingine ambayo mtafsiri wetu hakuweza kuileta, na si kosa lake. Ni ya herufi. Chukueni herufi za jina Edward Daniels, muzipange upya. Mtapata Andrew Laeddis, herufi 13 kwa 13. Chukueni Rachel Solando, mwanamke aliyetoroka, mtapata Dolores Chanal, jina la mke wake kabla ya ndoa. Majina manne ambayo ni ya watu wawili tu. Teddy alitafuta adui kisiwa kizima, na adui huyo alimtunga yeye mwenyewe kwa herufi za jina lake.

Lakini mtafsiri aliongeza ya kwake pia, na hilo lazima niliseme, kwa urafiki. Madaktari walipozungumza juu ya dawa na matibabu, yeye alituambia wanazungumza juu ya uchawi. Chumba kikalipuka kwa makelele. Ndiyo maana nusu ya watu walitoka wakiamini kwamba yule bwana alirogwa. Hawakudanganywa na filamu. Walidanganywa na mikrofoni, na mimi ninayeshika mikrofoni kila siku najua uzito wake.

Hata hivyo sitaki kuwacheka wanaowashuku madaktari. Shaka ya Teddy haikutoka hewani. Mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya hadithi hii, idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, ilianzisha kweli mpango wa siri ulioitwa MK-Ultra. Ndani yake watu walipewa dawa za kuvuruga akili bila kuulizwa. Upasuaji wa ubongo nao ulikuwa wa kweli. Daktari wa Ureno, Egas Moniz, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1949 kwa ajili yake, na huko Marekani maelfu ya wagonjwa walikatwa hivyo, wengi wakabaki kama nyumba isiyo na mtu. Mwaka 1954 wenyewe ndio mwaka ambao dawa ya kwanza kubwa ya kutuliza wagonjwa wa akili, chlorpromazine, iliruhusiwa Marekani. Kwa hiyo madaktari wa kisiwa wanabishana juu ya jambo lililobishaniwa kweli: kukata, kutoa dawa, ama kuzungumza na mgonjwa kama mtu.

Uongo wenye nguvu hujengwa juu ya udongo wa kweli. Sisi wa Ituri na Kivu Kaskazini tulijifunza hilo wakati wa Ebola, kuanzia mwaka 2018 mpaka 2020. Watu waliokuwa wamesahauliwa katika vita waliona ghafula magari mengi na pesa nyingi, wakauliza: kwa nini sasa? Swali lilikuwa la haki. Jibu ambalo wengine walijipa, kwamba ugonjwa hauko, ni biashara tu, liliua watu. Kuwa na sababu ya kushuku hakumaanishi kwamba unachoshuku ni kweli.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike badala ya kujibu kwa sauti ya dakika mbili.

Wakati picha ya ziwa ilipofika, pale baba anapoingia majini kutoa watoto wake mmoja mmoja, wamama watatu waliokuwa nyuma walisimama wakatoka. Hawakusema kitu. Kila mtu ndani ya chumba kile alielewa. Wengi wao ni watu wa Djugu. Mwanzoni mwa mwaka 2018, vijiji vilipochomwa, makumi ya maelfu ya watu walishuka mpaka kando ya Ziwa Albert, Tchomia na pembeni, wakapanda mitumbwi kwenda Uganda. Wengi walifika, wako Kyangwali mpaka leo. Wengine mitumbwi yao ilipinduka. Na wengine hakuna anayeweza kusema walifika ama hawakufika.

Kuna mama mmoja ambaye huja kwenye radio yetu karibu kila mwezi. Sitataja jina lake wala kijiji chake. Analeta karatasi iliyokunjwa mara nne, ujumbe kwa mtoto wake wa kiume. Wakati wa kukimbia mtoto alikuwa na miaka tisa, na walitengana kwenye msongamano wa ufukweni. Mama anasema mtoto alivuka, anasoma Uganda, sasa ni kijana mkubwa.

"Mutoto yangu, wewe andika tu," ananiambia. "Andika kama mama yake iko hai, iko Bunia. Asiogope kurudia."

Siku moja shemeji yake alikuja nyuma yake, akangoja mama aondoke, akasema: "Musisome ile karatasi. Ule mutoto alikufa mu maji. Muko munazidisha wazimu ya shemeji yangu."

Nikamuuliza: "Papa, nani alimuona?"

"Batu balisema."

"Batu gani?"

Akanyamaza kidogo. Akasema ni watu waliokuwa kwenye mtumbwi wa pili, lakini nao walisikia kwa wengine. Kaburi haliko. Mwili haukuonekana.

Kama ningefuata filamu kijinga, ningesema: huyu mama ni Teddy, amejitungia kisiwa chake, na kazi yetu ni kumpandisha mnara na kumwambia ukweli usoni. Majirani wake wengine wanasema hivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi. Wanamwita kichaa. Watoto wamejifunza kumwuliza kama mwanawe ameandika barua, halafu wanacheka.

Lakini angalieni tofauti. Madaktari wa kisiwa walikuwa na ushahidi: miaka miwili ya matibabu, maiti zilizozikwa, maneno yake mwenyewe aliyowahi kukiri kabla ya kusahau tena. Shemeji ana "watu walisema". Mama ana tumaini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kwa macho. Anayesema mtoto amekufa anasikika kuwa na akili timamu kwa sababu tu anasema jambo la huzuni. Huzuni haigeuki ushahidi kwa kuwa huzuni.

Pengine shemeji naye anahitaji hadithi yake. Mtoto akiwa amekufa, kutafuta kunaisha, na familia inaweza kukaa matanga na kuendelea. Simlaumu. Miaka hii yote kuishi na mtu asiye hai wala maiti kunachosha nyumba nzima.

Tuliongea na mhariri wetu. Tukaamua ujumbe utasomwa, lakini si kama mama alivyouandika. Hatukusema kwamba mtoto anasoma Uganda, kwa sababu hatujui. Hatukusema kwamba alizama, kwa sababu hatujui vilevile. Tulisoma jina lake, jina la baba na mama, umri wake siku ile, nguo aliyovaa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho na mtu anayemjua. Kisha tukampeleka mama kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa waliopotezana, pande zote mbili za mpaka. Walijaza fomu naye kwa zaidi ya saa moja. Alirudi amechoka, akasema neno moja: "Waliniuliza vizuri."

Mpaka leo ninapoandika hakuna jibu. Mama bado anakuja, ingawa si kila mwezi. Siku hizi kuna dada mmoja wa APS, wale wanaosaidia watu kwa mazungumzo kambini, ambaye anakaa naye. Dada huyo aliniambia kwamba hamlazimishi kuamini kitu chochote. Anamuacha asimulie siku ile tangu asubuhi, na kila mara mama anafika mbele kidogo kuliko mara iliyopita. Sasa amefika ufukweni. Anasimulia mkono wa mtoto ndani ya mkono wake.

Nilipoangalia filamu mara ya tatu nilielewa jambo ambalo ubishi wa kwenye bomba ulikuwa umelifunika. Swali la nani mgonjwa linajibika kabla ya mwisho. Linalobaki ni la asubuhi ya mwisho, kwenye ngazi. Teddy amekaa na daktari wake. Usiku alikubali ukweli wote. Sasa anamwita tena Chuck, anazungumza tena juu ya kutoroka kisiwa, na madaktari wanaona kwamba amerudi katika uongo wake. Watampasua ubongo. Ndipo anauliza, kwa utulivu kabisa, ni lipi baya zaidi: kuishi ukiwa mnyama, ama kufa ukiwa mtu mwema. Swali hilo halimo kwenye kitabu. Anasimama, anawafuata wahudumu mwenyewe. Daktari anamwita kwa jina la uongo, Teddy, naye hageuki.

Kwa mimi, hageuki kwa sababu anajua hilo si jina lake. Alikuwa amepona. Ukweli alikuwa nao, lakini hakuwa na mtu wa kumsaidia kuubeba baada ya kuupata. Walimpa siku chache za mchezo, usiku mmoja wa ukweli, na asubuhi wakangoja kuona kama amefaulu, kama mtihani wa shule. Alifaulu, kisha akachagua kuonekana ameshindwa.

Ndiyo maana naogopa tunaposema kwa haraka, "mwambieni ukweli, atazoea." Katika kambi zetu kuna watu wengi wanaoishi ndani ya hadithi fulani: nyumba ambayo bado iko wima, ng'ombe wanaochungwa na jirani, mume ambaye simu yake imeisha umeme tu. Baadhi ya hadithi hizo ni za uongo. Baadhi zitaonekana siku moja kuwa za kweli, na tutaona haya. Walio Goma wanajua Tulizo Letu, walio Bukavu wanajua Sosame. Nimesikia watoto wakitumia majina hayo kama matusi. Ni mahali pa kutibiwa, kama vile unavyotibiwa malaria. Ukiona mtu wa nyumbani halali usiku, hali, anaongea na asiyeonekana, ama anataka kujidhuru, mpeleke kwenye kituo cha afya ama mwite APS wa kambi. Usimfunge kamba. Usianze kwa kumuuliza nani amemroga.

Nanyi mnaoleta matangazo ya waliopotea, tunayapokea kila siku ya kazi asubuhi, bila malipo. Leteni jina lote la mtu, la baba na la mama, kijiji, umri wake alipopotea, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho. Na jambo la mwisho, ambalo wengi husahau kuandika: nani alimwona kwa macho yake. Kama ni wewe, andika ni wewe. Kama ulisikia, andika ulisikia kwa nani, nasi tutamtafuta huyo kwanza.